Watoa Shaka wa Mtungini

Sogeeni niwaeleze habari za nchi moja ambayo haipakani na yetu wala haifanani na yetu hata kidogo. Inaitwa Jamhuri ya Mtungini. Watu wake ni wakarimu, viongozi wake ni wasikivu, na mashimo ya barabarani kwake ni machache kuliko inavyosemwa. Nayataja haya mapema ili asitokee mtu wa kudhani nina neno na yeyote.

Huko Mtungini aliishi bwana mmoja, Leonsi Kipengele, mtumishi wa Wizara ya Vinywaji, Vijana na Maadili. Msilishangae jina. Zamani zilikuwa wizara tatu, lakini jengo lilikuwa moja na mawaziri walikuwa wakigombania choo, basi Mtukufu Rais kwa hekima zake akaziunganisha. Asubuhi wizara ilitoa vibali vya viwanda vya bia, mchana ikahimiza vijana wajitume, jioni ikakemea ulevi. Leonsi alikuwa idara ya jioni. Alijaliwa kitambi cha wastani, sauti nene ya kuhutubia, na binti mmoja aitwaye Tunu, wa miaka kumi na mitatu, aliyempenda kuliko kitambi na sauti vikiwekwa pamoja.

Mkasa ulianza siku ya Gwaride la Watoto. Wanafunzi walitakiwa kupita mbele ya Rais kwa mistari iliyonyooka. Mstari wa kwanza ulipita umeinama upande. Wa pili ulipita, ukasahau, ukapita tena. Wa tatu ulikaa chini mbele ya jukwaa ukaanza kuimba wimbo ambao si wa taifa. Mtukufu Rais alivuta pumzi, na bahati mbaya upepo ulikuwa unatoka upande wa watoto.

"Hawa wamekunywa?" akamuuliza Waziri.

"Mtukufu, hawa wamejawa na uzalendo."

"Uzalendo gani huu unanuka mtama?"

Kesho yake ikatangazwa Kampeni ya Taifa ya Kukomesha Ulevi wa Watoto, na Leonsi Kipengele akateuliwa kuwa Mratibu Mkuu. Alirudi nyumbani akitembea kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai kichwani.

"Mama Tunu," alimwambia mkewe Modesta, "kuanzia leo unaishi na Mratibu Mkuu."

"Nimesikia redioni," alijibu Modesta. "Haya nawa mikono, ugali unapoa."

Jioni ile ile wakaja majirani na wakubwa kumpongeza, na hapa ni lazima nisimame niwaeleze desturi moja ya Mtungini, maana bila hiyo mtapotea njia.

Enzi za mababu, chifu mmoja alipiga funda la pombe kwenye harusi ya jirani yake, akafa pale pale. Wengine walisema ni sumu. Wengine, waliokuwa wamekaa naye karibu zaidi, walisema ni mwiba wa samaki. Wakashinda wa sumu, kwa kuwa walikuwa na sauti kubwa. Tangu hapo hakuna mtu mzima wa heshima Mtungini anayeweka kikombe cha ugenini mdomoni kabla mtoto wa mwenyeji hajakionja mbele ya macho yake. Mzazi gani atamnywesha mwanawe sumu? Mtoto akionja akabaki amesimama, mgeni hunywa kwa amani. Kitendo hicho huitwa kutoa shaka, na mtoto mwenyewe ni mtoa shaka. Ni heshima kubwa, na watoto hushonewa nguo maalumu kwa kazi hiyo.

Kiasi cha kuonja hupanda na cheo. Kwa mjumbe wa mtaa mtoto hulowesha ulimi tu. Kwa diwani hupiga funda. Kwa waziri ni nusu kikombe. Kwa Rais ni kikombe kizima, mpaka mgeni aone kitako cha kikombe kwa ndani. Kumwonjea mkubwa kidogo ni kumtukana, na wazazi wa Mtungini hawataki matusi.

Tunu alikuwa mtoa shaka hodari kuliko wote mtaani. Alianza kazi alipokuwa anaota meno ya pili. Huvaa gauni lake la kijani, hupiga magoti, husema shikamoo, hunywa, hujifuta mdomo kwa nyuma ya kiganja, kisha hutamka kwa sauti, "Shaka imetoka." Wageni hupiga makofi, na Leonsi machozi humlengalenga kwa fahari.

Siku ile ya pongezi alifika diwani, akafika mbunge, wakafika wakurugenzi, akafika na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Eusebi Tandabui. Tunu aliwatoa shaka wote. Wageni walipoaga, walimkuta amelala kwenye kiti, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mtoto amechoka na masomo," Leonsi akasema kwa huruma.

"Masomo gani, na leo Jumapili?" Modesta aliuliza, lakini mumewe alikuwa ameshaanza kufanya mazoezi ya hotuba.

*

Kazi ya kwanza ya kampeni ilikuwa kutafuta chanzo cha tatizo. Wizara ilituma wataalamu shuleni wawaulize watoto kama wanakunywa nyumbani. Watoto wa Mtungini wamelelewa vizuri, hawasemi uongo. Wote walijibu, "Hapana, sisi nyumbani tunatoa shaka tu." Kwa hiyo ikathibitika kitaalamu kwamba ulevi hautoki nyumbani, na wajumbe wa kampeni wakaitwa kwa Waziri kujadili unatoka wapi.

Kikao kilifanyika sebuleni kwake, maana ukumbi wa wizara ulikuwa umekodishwa kwa uzinduzi wa bia mpya. Waziri Tandabui akafungua.

"Ndugu wajumbe, ulevi wa watoto ni suala mtambuka. Nikisema mtambuka namaanisha linatambuka. Halina budi kukabiliwa kwa mkabala unaokabili."

Makofi. Kila mjumbe alipotaka kuchangia, kwanza alikaribishwa kikombe, na pacha wawili wa Waziri, wasichana wa miaka kumi na mmoja, walipokezana kutoa shaka. Mjumbe wa kwanza alisema kosa ni la miziki ya nchi jirani. Wa pili alilaumu chupa: zimebana kiuno, zinamvutia mtoto kuzishika, kwa hiyo zitengenezwe za mraba. Wa tatu, profesa, alieleza kwamba watoto ni wafupi, wako karibu na sakafu, na chupa nyingi huwekwa sakafuni. Hilo liliwagusa wengi.

Wakati profesa akiendelea, pacha mmoja aliegemea ukuta akaanza kugombana na pazia. Alilishika akalitikisa, akalitaka liombe radhi. Wajumbe wote waliona.

"Mnaona wenyewe?" Waziri akasema kwa uchungu. "Hata ndani ya nyumba yangu, simu zimeshaingia."

Simu zikaongezwa kwenye vyanzo, na kikao kikaahirishwa kwa kinywaji cha kuagana.

*

Baada ya chanzo ikaja sheria. Ilikubaliwa kwamba baa zisiwauzie watoto, lakini mtoto atatambulikanaje? Mtungini wapo watu wengi wasio na cheti cha kuzaliwa, na walio navyo wanavyo viwili viwili. Hapo ndipo Leonsi alipotoa wazo lililomfanya ajulikane nchi nzima. Alikumbuka alivyoandikishwa darasa la kwanza: mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Aliyelifikia sikio alikuwa amefikisha umri wa shule.

"Sasa Mheshimiwa," alimweleza Waziri, "tukisema mteja alivuke sikio na kushika shavu, je, si huyo ndiye mtu mzima?"

Waziri alijaribu palepale, akashika shavu, akaipitisha sheria.

Wiki hiyo hiyo walinzi wa baa walianza kupima. Vijana wa darasa la sita, wembamba na wenye mikono mirefu, walishika mashavu yao na ya wenzao, wakaingia. Jaji mstaafu Kasiani Bofu, mwenye kichwa kikubwa na mabega mapana, mkono wake uliishia utosini. Mlinzi akamwambia kwa adabu, "Nenda nyumbani ukanywe maziwa, mwanangu." Ikabidi mjukuu wake aingie kumwagizia. Jaji alifungua kesi, lakini hakimu aliyepewa kesi naye hakufikia shavu, ikabidi ajitoe kwa kuwa ni mtoto. Polisi walipofanya Operesheni Shika Shavu walimkamata naibu kamanda wao. Mafundi cherehani walishinda wakipanua makwapa ya makoti, na barabarani watu wazima walitembea wamejikumbatia vichwa wakifanya mazoezi.

Watoto nao waliendelea kulewa kama kawaida, maana wengi wao walikuwa hawajawahi kutia mguu baa.

*

Basi Leonsi akaanza ziara za mikoani. Kila alikokwenda alipokelewa kwa heshima zote, na heshima zote, kama mjuavyo sasa, zinataka watoa shaka.

Katika Wilaya ya Nyakatope msafara wake ulikuwa mkubwa mno, una maofisa, waandishi wa habari, madereva na mabalozi wa kampeni ambao kazi yao ilikuwa kuvaa fulana. Mwalimu Mkuu wa shule ya pale, Bi Skolastika, alipoona wageni ni wengi aliamua darasa la sita lote litoe shaka, ili heshima isiwaangukie wachache ikaleta manung'uniko. Baada ya hapo kwaya ya darasa hilo ikasimama kuimba wimbo wa kampeni, "Pombe si Chai ya Watoto". Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili kila mtu aliimba wa kwake. Kiongozi wa kwaya alikumbatia mlingoti wa bendera, akasema hauachi mpaka umwambie ukweli.

Leonsi alitoa kitambaa akajifuta macho, na kamera zikamsogelea.

"Ndugu zangu," alisema, "hii ndiyo hali halisi. Tumechelewa kuja Nyakatope."

"Mheshimiwa Mratibu," Bi Skolastika alimnong'oneza, "hawa watoto jana walikuwa wazima kabisa."

"Jana, mwalimu wangu," Leonsi alimjibu kwa upole, "tatizo lilikuwa limejificha."

Ziara zilipokwisha wataalamu walibaini jambo la ajabu. Wilaya ambazo kampeni ilifika zilikuwa na watoto walevi wengi. Ambazo kampeni haijafika, wachache. Wizara ikahitimisha kwamba Mratibu Mkuu ana kipaji cha kufichua, na akaongezewa ziara.

*

Nyumbani kwa Leonsi wageni waliongezeka kadiri jina lake lilivyokua. Asiyetaka kibali alitaka kupiga naye picha, na wote walikuwa watu wa nusu kikombe. Gauni la kijani lilifuliwa kila siku. Tunu, ambaye zamani alikuwa haishi maneno, akawa kimya. Uji wa asubuhi ulikuwa unamwagika mezani kabla haujafika mdomoni.

"Baba Tunu," Modesta alisema, "huyu mtoto mikono inamtetemeka."

"Ni woga wa mtihani."

"Mtihani ulishapita."

"Basi ni woga wa matokeo."

Modesta akaificha pombe uvunguni mwa kitanda. Leonsi alipoigundua alikasirika sana. "Waziri akija nimpe nini, maji? Unataka watu waseme Mratibu Mkuu ni mchoyo?" Akairudisha kabatini kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi moja aliingia sebuleni kufanya mazoezi ya hotuba. Alipenda kuhutubia mbele ya kioo cha kabati, na siku hiyo alikuwa na aya mpya kwa ajili ya wazazi: "Ewe mzazi, uko wapi mwanao anaposhika kikombe?" Alikuwa hajaitamka.

Tunu alikuwa pale, amevaa sare ya shule, amepiga magoti mbele ya kiti cha wageni. Kiti kilikuwa kitupu. Alikiamkia, akanywa, akajifuta mdomo kwa nyuma ya kiganja. Alifanya yote kwa taratibu kama alivyofundishwa.

"Tunu. Unafanya nini?"

"Natoa shaka, baba."

"Shaka ya nani? Mgeni yuko wapi?"

Mtoto aliangalia kikombe. "Yangu," akasema. "Nisipoitoa asubuhi mikono haitulii, siwezi kuandika."

Leonsi alikuwa na hotuba kwa kila rika na kila wilaya, lakini iliyomjia ni ile aya mpya, na aliisikia kichwani kwa sauti yake mwenyewe nene. Akaketi kwenye kiti cha wageni bila kuangalia anakaa wapi. Na Tunu, kwa mazoea tu, alipoona mtu amekaa kwenye kiti kile, akapiga magoti vizuri, akasema, "Shikamoo."

Hapo Leonsi akalia. Si kile kilio cha Nyakatope cha mbele ya kamera. Alilia kwa aibu, amemshika mwanawe mikono yote miwili, na mikono ile ilikuwa inanuka mtama.

*

Sasa kulikuwa na tatizo moja. Jumamosi iliyofuata Mtukufu Rais alikuwa anakuja kwa Leonsi kumpongeza, na redio ya taifa ilikuwa irushe shughuli nzima. Kwa Rais, nimeshawaambia, ni kikombe kizima. Tena si kikombe cha kawaida, ni Kikombe cha Taifa, cha kibuyu kilichochongwa, ambacho mtoto hukishika kwa mikono miwili kama anabeba mbuzi mchanga.

Leonsi alikimbilia kwa Waziri.

"Mheshimiwa, naomba mwanangu apumzishwe. Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Pombe."

Waziri Tandabui alicheka mpaka akakohoa. "Kipengele, unanitania. Mtoto wa Mratibu Mkuu?"

"Basi tuweke maji ndani ya kibuyu."

"Rais anywe maji, siku ya kampeni ya pombe? Hebu fikiri. Na ukisema huna mtoto wa kumtoa shaka, walinzi wataelewa nini? Wataelewa kibuyu kina kitu." Akamwekea mkono begani. "Azima mtoto wa jirani. Watoto hawakosekani."

Njiani Leonsi alimfikiria mtoto wa jirani. Anaitwa Zakia, ana miaka minane, na wakati huo alikuwa uani anaruka kamba huku akijihesabia kwa sauti na kukosea. Leonsi alimtazama kupitia ua, akainamisha kichwa, akaingia kwake bila kubisha hodi kwa jirani.

Jumamosi ikafika. Hema lilisimamishwa, bendi ikapiga, Rais akaketi. Akahutubia kwa muda mrefu sana, na waliokaa juani walielewa zaidi ya waliokaa kivulini.

"Wananchi wa Mtungini," alisema, "mtoto ni kiwanda cha kesho. Na kiwanda, nasema kiwanda, hakiwezi kuendeshwa kwa malighafi iliyochacha. Lazima tujiulize, nani anawapa watoto wetu pombe? Nani huyo? Nikimjua, hata kama ni mtu mzito, sitamwonea haya."

Makofi yalipigwa, mazito zaidi upande wa watu wazito. Kisha Rais akapangusa jasho akaonyesha kwamba ana kiu. Kikombe cha Taifa kikajazwa, na Tunu akaitwa.

Alitoka na gauni lake la kijani. Tangu alfajiri Modesta alikuwa amefunga kabati na kuweka ufunguo kifuani, kwa hiyo mikono ya mtoto ilikuwa inacheza toka asubuhi. Alipiga magoti. Akasema shikamoo. Mtangazaji wa redio akawaeleza wasikilizaji kwamba mtoa shaka ni mrembo na mwenye nidhamu. Kisha Tunu akakishika kikombe, na alipokigusa tu, mikono ile ikatulia tuli.

Leonsi aliona. Watu mia hawakuona, yeye aliona, na hicho ndicho kilichommaliza. Alinyanyuka, akakitwaa kikombe mikononi mwa mwanawe, akakinywa chote bila kupumua, akakigeuza Rais aone kitako.

"Shaka imetoka, Mtukufu."

Bendi ikakatika katikati ya noti. Katika historia yote ya Mtungini hakuna mtu mzima aliyewahi kutoa shaka. Mkuu wa walinzi alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Mtu mzima hatoi shaka, analeta shaka. Huenda amekunywa dawa ya kuzuia sumu, huenda ameamua kufa kwa makusudi. Mtukufu, usinywe. Tungoje tuone kama atakufa."

Basi wakangoja. Leonsi alikalishwa kwenye kiti katikati ya hema, daktari wa Rais akamshika kifundo cha mkono, na nchi nzima ikasikiliza redio. "Wasikilizaji," mtangazaji alinong'ona, "Mratibu Mkuu bado yu hai." Akapiga wimbo wa taratibu kwa tahadhari. "Wasikilizaji, bado yu hai, ila amekunja uso." Leonsi akapiga kwikwi. Walinzi wakamrukia Rais wakamlalia. Walipomnyanyua kofia yake ilikuwa imekuwa bapa, na kiu yake ilikuwa imezidi.

Leonsi hakufa. Kilichotokea ni kwamba alikuwa hajawahi kunywa Kikombe cha Taifa, kwa sababu kile hunywewa na Rais na watoto tu. Macho yalimwiva, akasimama akayumba, akamshika daktari.

"Mtukufu," alisema, na sauti yake nene iliingia redioni yote, "kumbe hiki kikombe kinalewesha."

Akajishika kitambi.

"Mimi mtu mzima, nina kitambi. Nimekunywa kimoja tu, na ninaona marais wawili. Huyu mwanangu nimemnywesha vingapi? Umeuliza nani anawapa watoto pombe. Ni mimi, Mtukufu. Nampa kwa ajili yenu, na nampigia makofi."

Kisha akakaa chini, chini kabisa, kwenye nyasi, na Tunu akaja akakaa kando yake.

Mtaona ajabu, lakini Mtungini hakuna aliyewahi kulifikiria jambo lile. Kilichoonjwa hakikuhesabiwa kuwa kimenywewa. Kilikuwa heshima, nayo heshima nani aliwahi kusikia inalewesha? Chini ya hema wazazi walianza kuwatazama watoto wao waliovaa nguo za kazi. Pacha wa Waziri walikuwa wamelala kila mmoja kwenye bega la mwenzake, na lilikuwa bado jua la saa tisa.

Rais aliondoka bila kunywa kitu. Tangu aingie madarakani jambo hilo lilikuwa halijatokea, na taarifa rasmi ilisema alikuwa amefunga.

*

Serikali haikulala. Iliunda tume kuchunguza ni kwa vipi mtumishi wa umma aliona marais wawili katika nchi yenye mmoja, na huyo wa pili ni nani na anafadhiliwa na nani. Kuhusu watoto, ilitangaza kwamba ulevi wao umeanza kupungua kutokana na chupa za mraba.

Ni kweli ulikuwa umeanza kupungua, angalau mtaani kwa Leonsi. Baba yake Zakia alijitolea akaanza kuwatoa shaka wageni mwenyewe. Siku ya kwanza alimudu wageni wawili, wa tatu alimkuta anakoroma mlangoni. Basi akaanza kuwakaribisha chai, na wageni wa pombe wakakumbuka wana shughuli kwingine. Nyumba nyingine zikafuata. Nyingine hazikufuata, na nyingine zilifuata siku za kazi tu.

Tunu hakupona kwa siku moja, msidanganywe. Kulikuwa na asubuhi alizotoka jasho akimtukana kila mtu, na Modesta alikaa naye akimshikia bakuli la uji, mikono minne kwenye bakuli moja. Muuguzi wa zahanati alipita kumwona na kumpa moyo. Gauni la kijani Leonsi alilikata matambara ya kufutia meza.

Mwisho wa mwezi Waziri Tandabui alikuja mwenyewe kumjulisha Leonsi kwamba uteuzi wake umetenguliwa na atapangiwa kazi nyingine. Alileta na chupa yake, ya mraba, maana alijua nyumba ile sasa haina kitu. Modesta akaleta kikombe. Waziri akamimina, povu likapanda, na kwa mazoea ya maisha yake yote akakisogeza kikombe mbele na kungoja.

Tunu alikuwa ameingia kuchukua kamba ya kuruka. Akasimama.

Alikitazama kikombe kwa kitambo kirefu. Vidole vyake vilianza kucheza ubavuni. Leonsi akainuka nusu, na Modesta akamvuta shati akamkalisha, kwa sababu kuna kikombe baba hawezi kukinywa kwa niaba ya mtoto kila siku. Tunu akasogea, akapiga magoti, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akakinusa. Mikono ilikuwa inatetemeka, na safari hii haikutulia. Akakirudisha polepole mpaka mbele ya mgeni, pombe kidogo ikamwagikia mezani.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema. "Hiki ni chako."

Akachukua kamba yake akatoka. Uani ikasikika sauti ya Zakia ikihesabu na kukosea, na sauti nyingine ikimsahihisha.

Waziri alimtazama Leonsi. Akautazama mlango. Akakitazama kikombe. Alikuwa na kiu, chupa ilikuwa yake, na pombe alikuwa ameimimina kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilipoondoka Mtungini povu lilikuwa limeshakwisha, na Mheshimiwa alikuwa bado anakitazama.